Mlima Uliovimbiwa

Nilifika Mraronyi siku ambayo mlima ulikuwa ukinyweshwa uji.

Sitanii. Watu walikuwa wamejipanga kwenye mteremko, kila mmoja na ndoo yake, wakimimina uji wa wimbi kwenye midomo ya mabomba iliyochomoza ardhini kati ya migomba. Mvuke ulikuwa ukipanda. Mwanamke mmoja alionja kwa kidole, akasema sukari haijatosha, akarudi nyumbani kuchukua nyingine. Mimi nilikuwa nimesimama kando nikitetemeka ndani ya sweta mbili, maana mtu wa Malindi akipandishwa milima ya Taita mwezi wa Julai hujuta kuzaliwa pwani.

"Karibu, Injinia Kadzo!" Mama mmoja mfupi, mnene, mwenye kilemba cha rangi ya chungwa, alinijia akijifuta mikono kwenye leso. "Umefika wakati mzuri. Ngoja mlima umalize kula, halafu na sisi tule."

Huyo ndiye Mama Mkawasi, mwenyekiti wa Kamati ya Kulisha Mlima. Sifa zake nilikuwa nimezisikia ofisini: mama wa kabichi, mwenye sauti ya kuamsha bonde zima, ambaye chini yake hakuna nyumba Mraronyi iliyowahi kukosa zamu.

"Mama, huo ni uji?" nikauliza.

"Ni uji. Molasi yenu na mbolea yenu zimo ndani, usiwe na wasiwasi. Kipimo chenu tumekiweka chote, halafu tukaongeza chetu."

"Mmeongeza kiasi gani?"

Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe ukitembelewa na mkweo, utampimia chakula kwa kikombe?"

Nilicheka. Nilikuwa na kila sababu ya kucheka siku ile, kwa sababu kazi iliyonileta ilikuwa ya furaha tupu. Kila mwaka Idara ya Miteremko hutoa kombe kwa kijiji chenye udongo wenye nguvu kuliko vyote, na kwa vipimo vya mbali Mraronyi ilikuwa imewaacha wenzake mavumbini. Mimi nilitakiwa kuchukua sampuli, kuthibitisha namba, kukabidhi kombe, kushiba, na kurudi kwetu kwenye joto.

Juu ya paa la zahanati kipaza sauti kikakoroma kidogo. Hicho kilikuwa Sikio, mashine inayosikiliza mchana na usiku, kupitia nyaya zilizozikwa, kama ardhi inasogea. "Mwendo wa leo," ikasema kwa sauti yake ya upole, "ni sufuri."

Watu wote mteremkoni wakapiga makofi kana kwamba bao limeingia.

*

Kinacholishwa hasa ndani ya mlima ni chachu; tunaiita hivyo kwa urahisi wa ulimi. Ni vijidudu vilivyofugwa maabara, ambavyo ukivilisha vinaacha chokaa kati ya punje na punje za udongo mpaka zinashikana. Tangu mvua zilipobadilika tabia na milima ikaanza kuteremka na watu wake, hakuna kijiji cha mlimani kinacholala bila chachu. Mraronyi ilikuwa nayo tangu Mama Mkawasi akiwa msichana.

Nilipimia sampuli yangu mezani kwake, maana hakutaka kusikia habari za kupimia garini. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho upande wa mashariki, ya matofali, yenye kuta nyeupe na mapazia ya kitambaa kizito. "Nyumba hii ni kabichi tupu," aliniambia akipapasa ukuta. "Kila tofali unaloliona, nimebeba kabichi hadi Voi."

Kwenye meza nikaweka kisanduku cha kukata. Ni kifaa cha kale kuliko bibi yangu, na mashine zote za siku hizi hazijakishinda. Ni boksi la chuma lililokatwa katikati kwa ulalo, nusu ya juu na nusu ya chini. Unajaza udongo, unaweka uzito juu, halafu unazungusha mpini ili nusu ya chini isukumwe pembeni huku ya juu ikizuiwa. Udongo ulio katikati hauna njia nyingine, ama ushikilie ama ukatike. Sindano inakuonyesha unashikilia kwa nguvu kiasi gani.

Mwazighe, fundi wa pampu ya kijiji, alikuja kutazama, na nyuma yake nusu ya kamati. Mwazighe ni mtu mrefu anayecheka kabla ya kumaliza sentensi zake. Nikaanza kuzungusha. Sindano ikapanda, ikapita alama ya kijani, ikapita alama ambayo sijawahi kuiona ikipitwa, ikaendelea.

"Mwone huyo!" Mwazighe akapiga kelele. "Huyo ni mlima wa Mraronyi huyo!"

Ndipo ikalia, ta! Kisanduku kikaruka mezani, kikombe cha chai kikapinduka, sindano ikaanguka hadi karibu na chini kabisa. Udongo ulikuwa umekatika mara moja, safi, kama tosti.

Vigelegele vikapigwa. Walikuwa wameiona namba ya juu, na namba ya juu ndiyo inayoshinda kombe. Mimi nilikuwa nikitazama mahali sindano ilipoangukia. Nikajaza udongo mwingine, nikarudia, ikalia tena vilevile. Mara ya tatu sikuhitaji, lakini nilirudia kwa sababu nilitaka nikosolewe.

Udongo wa kawaida ukielemewa hushindwa kwa adabu. Unajikunja, unavimba, unasogea kidogo, na njiani unakupa habari. Mlango unakwama, ukuta unapata ufa, mti unainama. Mtu anajua, anachukua watoto wake na mbuzi wake, anaondoka. Udongo wa Mraronyi ulikuwa umelishwa mpaka ukawa mgumu kama mfupa. Usingesogea hata unywele hadi siku ya mwisho, na siku hiyo ungekatika wote kwa pamoja. Ile sufuri waliyokuwa wakiipigia makofi kila asubuhi ndiyo iliyonitisha.

"Mwazighe," nikasema, "hebu nisaidie kitu kimoja huko nje."

Tulizamisha bomba jembamba la kupimia maji nyuma ya nyumba. Chokaa ikizidi huziba vinyweleo vya udongo, na maji yakishaingia kutoka juu hayapati pa kutokea. Hukaa ndani yakisukuma punje zitengane. Punje zinazosuguana kwa sababu zimekandamizwa, zikiinuliwa na maji hazisuguani tena, na hapo nusu nzima ya nguvu ya mlima inayeyuka bila mtu kuona. Maji ya masika yote yalikuwa bado mle. Yalipanda kwenye bomba letu, yakafika kifuani kwa Mwazighe, yakaanza kumwagika juu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakucheka.

"Vuli ikija?" akauliza.

"Vuli ikija sijui," nikasema. "Labda itashika. Labda itashika miaka mingine ishirini. Sijui, na hiyo ndiyo shida."

*

Nilimpigia mkurugenzi wangu, Bwana Sagini, nikiwa nimesimama chini ya mgomba. Si mtu mbaya. Amenifundisha kazi, na alinisikiliza hadi mwisho.

"Una mlegezo?" akauliza hatimaye.

"Naweza kuletewa mapipa Ijumaa."

Mlegezo ni vijidudu vya upande wa pili, vinavyokula ile chokaa. Ukivimwaga katika ukanda mmoja, udongo pale unalegea, vinyweleo vinafunguka, maji yanatoka, na mlima unapata mahali pa kujinyoosha taratibu badala ya kuvunjika. Gharama yake ni kwamba chochote kilicho juu ya ukanda huo hakiponi.

"Ukanda uko wapi?"

"Mashariki. Maji yako juu zaidi huko, na chini yake kuna migomba tu. Nikianzia kwingine nitasukumia uzito kwenye shule. Juu ya ukanda kuna nyumba moja."

"Ya nani?"

Nikamwambia. Akashusha pumzi.

"Kadzo, nisikilize. Sheria inataka mwenye nyumba akubali kwa mdomo wake, naijua, nilikuwepo ilipoandikwa. Lakini huyo mama akikataa, utafanya nini? Utawaacha watoto wa shule wakae chini ya bomu kwa sababu ya mapazia? Wape kombe lao. Changanya mlegezo kwenye uji wao, hawatajua. Nyufa zikitokea, tutasema ni mvua. Tutamjengea nyumba nyingine, nzuri zaidi. Nani ataumia?"

Alikuwa na hoja. Mama akisema hapana, na mlima ukaja kukatika watu wamelala, ukweli wangu utakuwa umewafaa nini? Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kusema na niliogopa kunyamaza.

"Nitakujulisha," nikasema, nikakata simu.

Mama Mkawasi alinikuta palepale. Alikuwa amebeba blanketi. Hakuuliza kitu, alinifunika tu mabegani na kunikaza kifuani kama anamfunga mtoto, akasema watu wa pwani wanakuja milimani bila akili. Kisha akarudi jikoni. Nikabaki nimesimama na joto la blanketi lile, nikijua kwamba mkurugenzi wangu amekosea mahali, na polepole nikapaona. Mlima ule ulikuwa hatari kwa sababu ulikuwa umeacha kuwaambia wenyewe chochote. Nami nilikuwa nikifikiria kufanya vilevile.

*

Niliiambia kamati yote asubuhi, mezani, nikiwa na kisanduku mbele yangu.

"Yaani unaniambia," Mama Mkawasi akaanza, na sauti ilikuwa ya chini kuliko nilivyoizoea, "kwamba miaka yote hii nimekuwa nikiua mlima kwa chakula?"

"Haujafa, mama. Umevimbiwa."

Mwazighe akaangua kicheko, akakutana na jicho la mwenyekiti wake, akakimeza.

"Na wewe umejuaje? Kwa hako kaboksi?"

"Kwa hako kaboksi. Zungusha mwenyewe. Lakini kwanza naomba udongo wa hapahapa Mraronyi ambao haujalishwa zaidi ya kipimo."

Watu wakaanza kutazamana kwa namna ya ajabu, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kubana midomo. Mwazighe ndiye aliyesema: "Kwa Mwakudua."

Mzee Mwakudua alikuwa na shamba kando ya njia, na ubahili wake ulijulikana mpaka Wundanyi. Kipimo cha Idara ndicho alichokiweka maisha yake yote, wala si tone zaidi, na wakati mwingine, walisema, alichota kidogo akapeleka kwa ng'ombe wake. Kamati ilikuwa imemsema, imemtoza, imemwimbia nyimbo. Sasa tukaenda kumwomba udongo. Alitupa kopo moja, akataka kopo lirudishwe.

Mama Mkawasi akakunja mikono ya nguo. Udongo wake mwenyewe ndio uliotangulia. Alizungusha mpini kwa nguvu za mtu aliyebeba kabichi, sindano ikapanda kwa fahari, kisha ta! na akaruka nyuma mkono kifuani. Alikitazama kisanduku muda mrefu. Kisha nikajaza ule wa Mwakudua.

Sindano ilipanda kivivu. Haikufika hata nusu ya ile ya kwanza. Mwakudua, aliyekuwa ametufuata ili kulinda kopo lake, akainamisha kichwa kwa aibu. Mama akaendelea kuzungusha. Udongo ukavimba pembeni, ukajisogeza, sindano ikalala kidogo tu na kubaki palepale.

"Umekatika?" akauliza.

"Bado."

Akazungusha tena. "Na sasa?"

"Bado. Unasogea, lakini bado umeshika."

Akazungusha mpaka mpini ukafika mwisho wa njia yake. Nusu mbili za kisanduku zilikuwa zimepishana waziwazi na udongo ulikuwa bado umezishikilia.

"Huu," akasema taratibu, "unapiga hodi."

"Ndiyo, mama."

"Wangu hauna hodi."

"Hauna."

"Kumbe kombe ni langu!" Mwakudua akasema, na safari hii hata Mama Mkawasi alicheka, ingawa baadaye aliniambia kwamba katika maneno yote ya siku ile, hilo la udongo wa Mwakudua ndilo lililomuuma zaidi.

Kisha nikamwambia sehemu iliyobaki. Nilimwambia ukanda uko wapi na kwa nini hauwezi kuwa kwingine. Kicheko kikatoka chumbani.

"Hapa?" Aliweka kiganja mezani. "Hapa nilipokaa?"

"Hapa."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa sitaweka kitu. Nitarudi kila wiki kukuomba tena, na vuli ikinikuta hapa, nitalala hapa."

"Ungeweza kuniwekea usiniambie," akasema. Alikuwa mwerevu, yule mama. "Kwenye uji. Nisingejua."

"Niliambiwa nifanye hivyo."

"Na hukufanya."

"Nimekula kwako," nikasema, kwa sababu ndilo jibu pekee nililokuwa nalo ambalo lilikuwa la kweli kabisa.

Akainuka, akatoka. Kupitia dirishani tulimwona akizunguka nyumba yake, akigusa kuta, akisimama kwenye kona, akiinama kung'oa gugu moja lililoota kwenye msingi kana kwamba bado lina maana. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na kidevu kiko juu.

"Sikiliza, Injinia. Nyumba hii haiondoki kama mwizi. Jumamosi Mraronyi nzima inakula humu ndani, mpaka nafasi ya kusimama ikosekane. Jumapili, baada ya ibada, mwaga dawa yako."

*

Sijawahi kuona watu wakila vile. Kulikuwa na pilau, mbuzi wa kuchoma, kimanga, chapati zilizopangwa mpaka kifuani, na kabichi iliyopikwa kwa namna ambazo sikujua kabichi inaruhusu. Watu walikaa madirishani, mlangoni, kitandani kwa Mama Mkawasi. Kwaya ya kanisa ilikuwa imebanwa kwenye korido ikiimba huku imeshika sahani. Mwakudua alikula kwa niaba ya miaka yote ambayo hakualikwa.

Mimi nilikuwa na bakuli la supu. Nililitazama, nikafikiri nimelishika upande. Nikalinyoosha. Supu ikaendelea kuegemea ukingo mmoja.

Nje, kipaza sauti cha zahanati kikakoroma. "Mwendo," Sikio likasema kwa upole uleule, "umeanza."

Nilimtafuta Mwazighe kwa macho, nikamkuta amesimama karibu na kabati, kijiko hewani, hana tena sura ya mtu anayekula.

"Mwazighe. Mapipa ya mlegezo yaliyofika jana yako wapi?"

"Injinia." Akameza. "Leo ni sherehe. Mlima hula kwanza, siku zote. Tungeanzaje kula sisi huku umelala njaa, na hii ni sherehe yake?"

"Mmeupa nini?"

"Ule uji wako mpya, kwenye ukanda wako. Tuliona ndio tu unaoruhusiwa." Akasita. "Mara mbili. Kama kawaida."

Sikuwa na nafasi ya kukasirika. Nikapanda juu ya kiti. "Watu wote nje! Polepole, msisukumane, lakini nje, sasa hivi, upande wa njia!"

Kijiji kingine kingepiga mayowe. Mraronyi iliinuka na sahani zake. Walitoka wakiwa wameshika bakuli, sufuria, vikapu vya chapati, mtoto mkono mmoja na paja la mbuzi mkono wa pili, na kwaya ikatoka bila kumaliza ubeti lakini bila kuacha kuimba. Kulikuwa na muda. Nilisimama mlangoni nikiwapitisha mmoja mmoja nikiangalia kifaa changu cha mkononi, na mlima ulikuwa ukisogea kwa upana wa ukucha, halafu ukucha mwingine. Ufa ulijichora ukutani kutoka dirishani kwenda chini bila haraka yoyote. Kama ule udongo wa tosti ndio ungekatika na sote tumo humo ndani, nisingewahi hata kushuka kwenye kiti.

"Mama Mkawasi yuko wapi?" mtu akaita.

Mlango wa jikoni ulikuwa umekwama. Fremu ilikuwa imepinda, na nyuma yake tulimsikia akiusukuma kwa bega. Mwazighe aliuvuta mpaka kitasa kikamtoka mkononi. Tukazunguka nje mbio. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na Mama alikuwa ndani amekumbatia sufuria kubwa ya pilau ambayo haikuwa imeguswa.

"Mama, toka!"

"Pokeeni hii kwanza!"

"Mama, wacha pilau!"

"Watu hawajashiba! Pokeeni, nyinyi, inaniunguza!"

Tuliipokea. Sikuona njia nyingine ya kumtoa. Tukaipitisha sufuria, halafu yeye, mguu mmoja, kilemba, leso iliyonasa kwenye komeo, mguu wa pili, na akatuangukia mimi na Mwazighe, tukaanguka wote watatu kwenye tuta la vitunguu chini ya dirisha. Nyuma yetu dirisha lilijifinya taratibu, kioo kikapasuka kwa sauti ndogo.

Tukakimbia hadi njiani walipokuwa wengine. Niliwahesabu, nikawahesabu tena. Walikuwapo wote, hata Mwakudua, aliyekuwa amejaza mifuko nyama.

Na hapo maji yakaanza kutoka. Yalibubujika kwenye mteremko chini ya nyumba, ya kahawia kwanza, kisha safi, yakitoka mahali ambapo hapakuwa na chemchemi, maji yote ya masika yakipata njia. Nilitazama namba kwenye kifaa, shinikizo linashuka, linashuka, shule iko salama, mteremko mzima unapumua, nikajikuta nalia na kucheka kwa wakati mmoja, na Mwazighe ananishika bega akiniuliza kama ni vizuri au ni vibaya.

"Ni vizuri," nikamwambia. "Mwazighe, ni vizuri sana."

Nyumba ilichukua muda wake. Iliinama kuelekea migombani, ukuta wa nyuma ukashuka ardhini hadi madirishani, paa likajikunja. Hakuna kilichovunjika kwa kishindo. Watu walikuwa wamekaa nyasini, wengine wakaanza tena kula kwa sababu chakula kilikuwa mikononi, na kwaya ikapata ubeti iliouacha. Sikio lilikuwa likitaja mwendo kila baada ya muda, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyejua kama apige makofi.

Mama Mkawasi hakukaa. Alisimama mbele ya wote, vitunguu vimemng'ang'ania kwenye leso, machozi yanamtiririka waziwazi bila kuyafuta. Nilimsogelea, nikasimama kando yake. Alitazama mapazia yake yakitoka nje ya madirisha, na zile kuta nyeupe zikiteremka ukucha baada ya ukucha. Kisha akainua mkono, kama anavyomwinulia kila mgeni anayeaga na kushika njia.

"Haya, mwanangu," akaiambia nyumba. "Nenda polepole."

Na nyumba ikaenda polepole.